Yaya, Lituma Yangu Imegeuka Viazi!

Mdogo wangu wa Makiso, hapa Kisangani, picha zako mbili nimezipata. Ya kwanza umeipigia chini ya turubai la buluu la malewa yako, kigahawa chako: majani ya liboke yamefunuliwa, samaki amelala kwenye mafuta ya mawese, na kando yake bonge la lituma, ndizi zetu za kuponda. Samaki ana rangi ya mgonjwa, sikatai. Ya pili umeipitisha kwenye programu ya akili bandia, ikang'aa kweli. Ila hebu itazame tena. Majani yamekuwa sahani nyeupe, kimetokea kipande cha limao ambacho hukukikata, na lituma imelainika ikawa viazi vya kuponda vya hotelini. Halafu unaniuliza kwa nini wateja wanakuja na kununa!

Programu hizi zimefundishwa kwa picha nyingi mno, na pasipoonekana vizuri hubahatisha, zikajaza kile zilichokizoea. Viazi zimeviona mara nyingi kuliko lituma. Ukingo wa jani ulioungua zinaudhani uchafu, kumbe mtu wa Kisangani akiuona huo tu, mate yanamtoka.

Kwa hiyo kazi kubwa ifanye kabla ya kugusa programu yoyote. Futa kioo cha kamera; simu inayokaa jikoni haikosi alama ya kidole chenye mawese. Toa liboke chini ya turubai, maana buluu yake inashukia moja kwa moja kwenye chakula. Liweke mlangoni, kivulini, mwanga uingie kwa ubavu. Saa sita mchana usijisumbue: sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua linakuwa utosini, kila kitu kinaonekana bapa. Asubuhi au alasiri ni bora. Na liboke lipige likiwa ndiyo kwanza limefunguliwa, mafuta bado yanameremeta. Lituma ikikaa inashika ngozi juu, hapo hakuna programu itakayokusaidia kwa uaminifu.

Picha ikibaki na giza kidogo, Snapseed ni ya bure: ongeza mwanga, punguza unjano wa balbu, basi. Ukitaka akili bandia, iamuru kwa maneno makavu: «Rekebisha mwanga na rangi tu. Usibadili samaki, majani wala lituma. Usiongeze kitu.» Kisha weka picha mbili bega kwa bega uzikague kama unavyohesabu chenji sokoni: kichwa cha samaki, mishipa ya jani, idadi ya pilipili. Kimezidi kimoja? Futa, anza upya. Meza chafu ya nyuma ya chakula unaweza kuiondoa, sina neno. Hakuna anayekula meza. Lakini kunenepesha samaki ni kumwibia mteja, na huyo mteja ni jirani yako wa Soko Kuu, kesho atakupitia akikutazama usoni.

Unapotuma WhatsApp, chagua ubora wa HD, la sivyo picha inabanwa zaidi na kazi yako inafifia. Itume kabla watu hawajaamua watakula wapi, si saa nane wakiwa wameshiba. Na bei iandike juu ya picha, kwa franka, herufi kubwa. Wengi wanaona haya kuuliza bei. Wananyamaza tu, wanaenda kwa mwingine.