Uliona haya kusoma

SWALI: Shangazi, mimi ni keshia kwenye supamaketi moja hapa Mwanza. Mwezi wa tatu huu nakatwa mshahara kwa sababu ya shoti, yaani fedha zinazopungua kwenye hesabu ya kaunta, na safari hii wamechukua karibu nusu. Nilipolalamika, HR alinitolea sera mpya iliyoletwa mwaka huu, yenye saini yangu: shoti yoyote ya shifti inagawanywa sawa kwa makeshia wote waliokuwa zamu. Siku ya kusaini tulipanga foleni, karatasi zimekunjwa, ukurasa wa mwisho uko juu. Niliona haya kusimama nasoma na wenzangu wanasubiri nyuma. Niache kazi au nivumilie? – Keshia, Mwanza

JIBU: Kuacha kazi ni suala la wewe na kodi yako ya nyumba. Kuvumilia umeshajaribu, na kila mwezi makato yanaongezeka. Mimi nimekwama kwenye neno ulilolipitia haraka: uliona haya. Hukusema hujui kusoma, wala hukusema ulikatazwa. Mwanangu, mteja akikupa noti ya elfu kumi unaiinua kwenye mwanga, unaipapasa, unaigeuza, naye amesimama anakutazama, na foleni nyuma yake inanung'unika. Huoni haya hata chembe, kwa kuwa fedha ile ni ya tajiri. Ilipofika zamu ya kuukagua mshahara wako mwenyewe, ghafla kukagua kukawa utovu wa adabu. Nani alikufundisha kwamba mali ya mwenzio inastahili kukaguliwa kuliko ya kwako?

Najua wengi mmelelewa hivyo, hasa mabinti: mkubwa akikuletea jambo, pokea kwa mikono miwili na usiulize. Kwa chakula cha ugenini malezi hayo yanafaa. Karatasi ya kazi haikuletwa kama zawadi. Karatasi za aina hiyo kwa kawaida zina maneno juu ya mstari wa saini: nimesoma, nimeelewa, nimekubali. Kama na yenu iliyaweka hayo, basi ofisi yenyewe ilikutaka usome kwanza, na ambaye angesimama pale kusoma ndiye angekuwa mtiifu kuliko wote foleni nzima. Wewe ulitoa ushahidi wa jambo ambalo hukulifanya, na leo ushahidi huo ndio anaokuonyesha HR.

Utaniambia ungesoma ungefukuzwa. Kukataa kusaini kunaweza kumkasirisha bosi, hilo nakubali, ila kusoma na kukataa ni mambo mawili. Kati ya kusaini papo hapo na kugoma kuna nafasi kubwa: "Naomba nakala nikaisome nyumbani, kesho asubuhi nairudisha." Bosi anayefukuza mtu kwa sentensi hiyo amekueleza yaliyomo ndani kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Na kama karatasi ni ndefu na Kiingereza chake kizito, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi asiyeelewa masharti yake ya kazi ameelezwa kwa namna anayoielewa. Masharti yakibadilika, ashauriane naye na amjulishe kwa maandishi. Foleni mbele ya meza siiti mashauriano. Ukiwa na dakika kumi tu, tafuta panapotajwa makato, panapotajwa nidhamu, na pale kampuni inapojipa ruhusa ya kubadilisha sera bila kukuambia.

Sasa tuje kwenye hiyo shoti. Kifungu cha 28 cha sheria hiyo kinaruhusu makato ya kufidia hasara kwa masharti, hata pale mfanyakazi alipokubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake yeye. Aandikiwe chanzo chake, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kupinga. Kinachokatwa kisizidi hasara halisi, wala makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Pima sera yenu hapo. Kugawa shoti sawa kwa zamu nzima ni kukwepa kuuliza nani alikosea, na karibu nusu ya mshahara imeipita robo mbali sana.

Msomaji mwerevu atanigeuzia kibao: kama sheria inamlinda hata aliyesaini, kusoma kungemsaidia nini? Kungemsaidia sana. Anayeandaa mishahara haweki kitabu cha sheria mezani. Anaweka sera, na anakata kama ilivyoandikwa mpaka mtu apinge. Wa kupinga ni yule aliyekwishajua kilichoandikwa. Wewe ulikijua baada ya mishahara mitatu, na muda huo una bei: mgogoro wa aina hii unatakiwa ufikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Kwa makato ya mwezi wa kwanza huenda umeshachelewa, na itabidi uombe kibali na kueleza sababu ya kuchelewa. Ukiandika pale kwamba uliona haya, sijui watakuelewa vipi.

Kwa hiyo wiki hii omba nakala kamili ya sera, kurasa zote, pamoja na slipu zako tatu za mshahara. Andika barua fupi, yenye heshima, ukiomba mchanganuo wa kila shoti: tarehe, kaunta, kiasi, na kosa lako ni lipi. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Wenzako wanakatwa kama wewe, waombe nao watie saini. Na kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi hapo, mwenyekiti wake aione kabla haijapelekwa. Wakikaa kimya au wakikata tena, nenda ofisi ya Tume hapo Mwanza na makaratasi yako, na uende kabla siku za makato ya pili nazo hazijaisha.