Mkazo Ukae Wapi? Maswali na Majibu ya Matamshi

Mwanafunzi wa shule ya serikali huko Magindu, wilayani Kibaha, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza, karibu masomo yote ni Kiingereza, na vivumishi ambatani kama old-fashioned humpiga chenga. Mtaalamu wa lugha anajibu.

Kwa nini mkazo wa Kiingereza unatusumbua?
Kwa sababu wa kwetu hautusumbui. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho: Ma-GI-ndu, Ki-sa-RA-we. Neno likirefuka, mkazo unahama nalo: SHU-le, shu-LE-ni. Yanayokiuka ni machache, kama barabara yenye maana ya sawasawa: ba-RA-ba-ra. Kiingereza hakina kanuni moja ya namna hiyo.

Old-fashioned lina silabi ngapi?
Tatu. Hesabu sauti, si herufi. Wengi hutamka "oldi-fashonedi" kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia na irabu. Kwa kawaida -ed huwa silabi kamili baada ya sauti ya t au d tu. Sided na named yana herufi tano kila moja, lakini la kwanza lina silabi mbili, la pili moja.

Mkazo mkuu ukae neno la kwanza au la pili?
Nomino ikiungana na kivumishi au neno la -ing, mara nyingi ni la kwanza: HOMEsick, TIME-consuming. Kivumishi kikiungana na neno la -ed, mara nyingi ni la pili: old-FASHioned, bad-TEMpered. Ila kivumishi ambatani kikitangulia nomino, mkazo husogea mbele: the ticket is first-CLASS, lakini a FIRST-class ticket. Kiingereza hukwepa mikazo mizito kugongana.

Na katika kuandika, neno kama hilo lisipoenea kwenye mstari?
Likate kwenye kistari chake: old- juu, fashioned chini. Ukikata katikati ya fashioned, neno litakuwa na vistari viwili na kumchanganya msomaji.

Nitajuaje mkazo ulipo nikiwa peke yangu?
Fungua kamusi ya wanafunzi. Kialama kilichosimama juu, kabla ya silabi, ni mkazo mkuu. Cha chini ni mkazo mdogo. Unaponakili neno jipya daftarini, usiishie kwenye maana: nakili na kialama hicho, kisha litamke kwa sauti ndani ya sentensi nzima.