SOMO LA MWEZI: Panga Januari Kwanza, Kisha Krismasi

Msimu wa sherehe umewadia. Kuanzia Jamhuri Dei, Desemba 12, hadi Mwaka Mpya, wakazi wengi wa kaunti watasafiri, watapokea wageni na kununua zawadi. Ni jambo jema. Hata hivyo, shule hufunguliwa mapema Januari, kodi ya nyumba nayo haisubiri. Ndiyo maana mwezi huo umebandikwa jina la Njaanuari. Somo hili linaonyesha jinsi familia inavyoweza kusherehekea bila mtoto kukaa nyumbani shule zikifunguliwa.

Hesabu siku kabla ya pesa

Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema. Ukilipwa Desemba 20 na mshahara unaofuata uje Januari 30, pesa hizo zinapaswa kukutosha siku 41, wala si 30. Mshahara wa Sh35,000 ambao kwa kawaida ni takriban Sh1,160 kwa siku, sasa ni takriban Sh850. Mshahara haujapungua, ni siku zilizoongezeka. Wengi hukwama hapa kwa sababu hutumia pesa kana kwamba mwezi ni ule ule.

Mkulima, mwendeshaji bodaboda au mama mboga asiye na mshahara naye ajiulize: biashara yangu huwaje wiki mbili za kwanza za Januari? Ikiwa wateja hupungua, atenge pesa za siku hizo sasa.

Toa ya Januari kwanza

Tuchukue mfano wa familia ya wazazi wawili na watoto wawili, yenye mapato ya Sh35,000:

- Kodi ya nyumba ya Januari: Sh7,000
- Mahitaji ya shule na sare: Sh6,000
- Nauli ya kwenda kazini: Sh3,000
- Stima na maji: Sh1,500
- Chakula, Sh300 kwa siku 41: Sh12,300

Jumla ni Sh29,800. Kinachobaki ni Sh5,200, na hiyo ndiyo bajeti ya Krismasi. Familia hii inaweza kuigawa hivi: nauli ya kwenda nyumbani na kurudi Sh2,400, unga, sukari na majani chai ya babu na nyanya Sh1,300, zawadi za watoto Sh1,000, na Sh500 za dharura.

Ulizia nauli mapema, kwa kuwa hupanda Krismasi inapokaribia, na weka kando nauli ya kurudi kabla ya kuondoka. Ikiwa nauli inameza kila kitu, safirini Aprili shule zikifungwa. Nyanya atafurahi vilevile.

Zungumza na jamaa mapema

Bajeti nyingi huvunjwa na aibu. Mtu hujua hana, lakini anaogopa kuonekana mchoyo. Piga simu kabla ya kusafiri na useme wazi: "Shangazi, mwaka huu nitaleta unga na sukari. Pesa zingine ni za shule ya watoto." Maneno hayo hayana dharau, na anayeambiwa mapema hakai akisubiri bahasha.

Kama ukoo unataka kuchinja mbuzi, kubalianeni bei, kila mmoja achange kiasi anachoweza, na mtu mmoja aweke hesabu. Asiye na pesa anaweza kuleta kuni, mboga au nguvu zake jikoni.

Tahadhari na mikopo ya simu

Mkopo wa kibinafsi wa Hustler Fund una riba nafuu ya asilimia 8 kwa mwaka, lakini hulipwa ndani ya siku 14. Ukikopa Desemba 22, siku ya kulipa ni Januari 5, wakati ule ule wa kodi na karo. Kwa hivyo, usikope kwa ajili ya nyama na soda. Ukilazimika kukopa kwa dharura, hakikisha kampuni ya mikopo ya kidijitali imepewa leseni na Benki Kuu ya Kenya, na usome ada zote kabla ya kukubali.

Anza ya mwaka ujao

Haba na haba hujaza kibaba. Sh100 kila wiki kwa wiki 48 ni Sh4,800, karibu bajeti nzima ya sherehe katika mfano wetu. Pesa hizo ziwekwe kwenye chama, SACCO au akaunti ya akiba, mbali na pesa za matumizi ya kila siku.

Zoezi la familia

Jioni ya leo, ketini pamoja, watoto wakubwa wakiwemo, mjibu maswali haya:

1. Pesa tutakazopata zinapaswa kutosha siku ngapi?
2. Januari inahitaji shilingi ngapi?
3. Kinachobaki ni ngapi, na kipi muhimu zaidi kwetu?
4. Ni jamaa gani tunapaswa kuwapigia simu wiki hii?

Andikeni majibu na kuyabandika ukutani. Tunawatakia wakazi wote sherehe njema na Januari isiyo na njaa.