Maji Yasiyopimwa Hupotea: Somo Kutoka Kibera na Kawangware

Wakulima wenzangu, mwezi huu somo letu linatoka Nairobi, katika mitaa ya Kibera na Kawangware. Pengine mtauliza, "Sisi wenye ng'ombe na mahindi tuna haja gani na mifereji ya mji?" Haja ipo. Ninyi mnaotumia bomba moja katika skimu yenu mna shida ile ile, ila ya kwenu bado ni ndogo.

Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, lililomalizika mwaka 1994. Husafishwa Ngethu, kisha huteremka kwa bomba mpaka mjini. Kampuni ya maji ya jiji hupima maji yanayotolewa, nayo hupima yanayouzwa. Kwa miaka mingi hesabu hizo mbili hazikulingana: katika kila madebe 10, kama 4 hayalipiwi. Mengine huvuja, mengine huchukuliwa kwa siri, mengine hupita katika mita mbovu.

Ukipita Kibera utaona mabomba ya plastiki yamelala ndani ya mitaro ya maji machafu, yakienda kwa wauzaji wa maji ya mtungi. Maji yakiwa na nguvu, bomba lenye ufa humwaga nje. Maji yakikatwa, nguvu huisha, na ufa ule ule huvuta uchafu wa mtaro ndani. Yakirudi, uchafu huo huingia mtungini. Hivyo ufa mdogo huleta kuhara na homa ya matumbo.

Kawangware nako wako wanaoteka katika visima vifupi. Kisima kikiwa karibu na choo cha shimo, maji yaweza kuonekana safi na kumbe yana vijidudu. Jicho si kipimo. Maji ya kisima yapelekwe kwa mtaalamu yapimwe.

Je, mita haitoshi? Mita ni karani mzuri, lakini hudanganyika. Maji yakikatwa, hewa huingia bombani. Yakirudi, hewa hiyo huzungusha mita, na mtu hulipia upepo. Mchanga nao huikwamisha. Mwaka 2014, huko Kayole-Soweto, ulianzishwa mpango wa Jisomee Mita: mteja husoma mita yake mwenyewe, hutuma hesabu kwa simu, akapata bili yake. Jambo kubwa hapo si simu. Ni kwamba anayelipa ndiye anayeitazama mita.

Maji taka yana taabu zaidi, kwa kuwa nyumba haina mita ya maji yanayotoka. Yanayomwagwa mtaroni hayaandikwi katika kitabu chochote. Bwawa la Nairobi, lililojengwa kando ya Kibera mwaka 1953, limeyapokea kwa miaka mingi, likachafuka.

Sasa chukueni daftari.

1. Tarehe 1 ya kila mwezi, someni mita kubwa ya kwenye tangi na mita za nyumba zote, siku hiyo hiyo.

2. Toeni hesabu. Mfano: mita kubwa imehesabu yuniti 900, na nyumba zote pamoja 630. Yuniti 270 hazijulikani zilikokwenda, yaani 30 katika kila 100. Yuniti moja ni lita 1,000.

3. Usiku mmoja, kila nyumba ifunge mifereji yake. Mita kubwa ikiendelea kuzunguka, kuna mahali panapovuja. Asubuhi fuateni bomba, mtafute penye unyevu au majani mabichi kupita mengine.

4. Bomba lisipitishwe mtaroni wala karibu na choo.

Msiseme ufa ni mdogo. Ufa unaojaza debe la lita 20 kwa saa moja hupoteza lita 480 kwa siku. Ng'ombe wa maziwa akinywa lita 60, hayo ni maji ya ng'ombe 8.

Tena kumbukeni, stima ya pampu hulipwa kwa fedha za wanaolipa. Maji yakipotea, mwaminifu hulipia ya mwizi na ya ufa, na aliye mwisho wa bomba hukosa kabisa. Siku watu hao wakichoka kulipa, pampu itanyamaza kwa wote.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika baraza lenu lijalo ulizaneni: mwezi uliopita tangi letu lilitoa yuniti ngapi, nasi tulilipia ngapi? Asiyeweza kujibu na aanze kusoma mita leo.