Somo la 14: Wachukuzi Ndani ya Seli

Ukila maharage, protini yake humeng'enywa tumboni ikawa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Viko vya aina 20. Ndani ya seli wamo wachukuzi, yaani RNA chukuzi. Kila mchukuzi hubeba kipande cha aina moja tu hadi kwenye ribosomu, mahali pa kujengea protini mpya. Maagizo ya ujenzi husomwa alama tatu tatu. Mchukuzi ambaye alama zake zinalingana nazo ndiye hutua mzigo.

Je, aina moja ikikosekana? Ujenzi husimama, hata nyingine zikiwa tele! Mahindi yana lisini kidogo, na mwili hauwezi kuitengeneza. Maharage yanayo nyingi.

Zoezi: Mdogo wako anakunywa uji wa mahindi matupu kila siku. Utashauri uongezwe nini? Kwa nini?