Gari katika Theluji Nene: Somo la Kanieneo, Mshiko na Joto

Utangulizi

Watu wengi hudhani kwamba gari hukwama katika theluji kwa sababu injini yake haina nguvu za kutosha. Dhana hiyo si sahihi, nayo imevunja vyuma vingi na kuhatarisha maisha ya watu mahali ambapo msaada uko mbali. Gari la kawaida la kwenda porini, ambalo injini yake husukuma magurudumu yote manne, lina nguvu nyingi kuliko zile ambazo theluji inaweza kuzipokea. Kinachokosekana ni eneo la kusimamia. Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: kwa nini gari huzama, ni nini huzipata sehemu zake za chuma linapolazimishwa kwenda, na kwa nini njia ya kulinusuru mara nyingi ni kupunguza hewa ya matairi, wala si kuongeza mafuta.

Asili ya theluji

Theluji si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa fuwele za barafu na hewa, na tabia yake hutegemea kiasi cha hewa iliyomo. Mita moja ya ujazo ya theluji iliyoanguka sasa hivi katika baridi kali yaweza kuwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 tu. Theluji iliyoshindiliwa na upepo yaweza kufikia kilo 300 au 400. Barafu kamili ina uzito wa kilo 917. Kwa hiyo karibu sehemu tisa kati ya kumi za theluji mpya, au hata zaidi, ni hewa tupu.

Gurudumu likipanda juu ya theluji ya namna hiyo, huitoa hewa na kuzisukuma fuwele zikaribiane. Kadiri fuwele zinavyokaribiana ndivyo theluji inavyozidi kuwa ngumu. Gurudumu huacha kuzama pale ambapo ugumu wa theluji iliyo chini yake umelingana na kanieneo, yaani uzito uliogawanywa kwa eneo linaloubeba. Aidha, fuwele zilizokaribiana huanza kuungana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo sababu njia iliyopitwa na gari moja, ikiachwa kwa muda, huwa imara zaidi kuliko ilivyokuwa mara tu baada ya gari kupita.

Majaribio ya kwanza Antaktika

Gari la kwanza la injini kufika bara la Antaktika lilipelekwa na msafara wa Ernest Shackleton wa miaka ya 1907 hadi 1909. Lilikuwa gari la Arrol-Johnston, lenye magurudumu membamba. Juu ya barafu ngumu ya baharini lilikwenda vizuri na kuvuta mizigo. Lilipofika kwenye theluji laini, magurudumu yalizama na kuzunguka bure. Injini ilikuwa ile ile na dereva alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni ardhi iliyokanyagwa.

Robert Falcon Scott alipokwenda huko baadaye alichukua vyombo vitatu vya injini vilivyotembea kwa minyororo mipana badala ya magurudumu. Kimoja kilitumbukia baharini mwezi Januari 1911, barafu ilipovunjika wakati wa kushusha shehena. Viwili vilivyobaki viliondoka kuelekea kusini tarehe 24 Oktoba 1911, lakini kabla ya wiki mbili kwisha vyote viwili vilikuwa vimeachwa njiani. Ajabu ni kwamba katika nchi ya baridi kali kuliko zote, injini hizo zilisumbuliwa na joto kupita kiasi, hata vyuma vya ndani vikavunjika. Watu wanne waliokuwa nazo walilazimika kuvuta mizigo kwa mabega yao.

Mafanikio yalipatikana mwaka 1958. Tarehe 4 Januari mwaka huo, Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini kwa matrekta ya shambani ya Ferguson yaliyovishwa minyororo. Baada ya wiki mbili, tarehe 19 Januari, msafara wa Vivian Fuchs uliwasili kutoka upande wa pili wa bara, ukitumia magari maalumu yenye minyororo mipana, na tarehe 2 Machi ukakamilisha safari ya kulivuka bara zima kwa siku 99. Matrekta ya Hillary hayakuwa na injini kubwa. Siri yake ilikuwa kwamba uzito ulienezwa juu ya eneo refu la mnyororo.

Hesabu ya kanieneo

Katika kisiwa cha Aisilandi, ambako barafu ya kudumu hufunika takriban sehemu moja ya kumi ya nchi, madereva walifuata njia nyingine. Tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakiyafunga magari yao matairi makubwa sana, yenye kimo cha sentimita 97 hadi 112, na kuyaendesha yakiwa na hewa kidogo mno. Magari ya namna hiyo hutumiwa pia na vikosi vya uokoaji vya watu wa kujitolea. Hesabu ifuatayo itaonyesha faida yake.

Ichukuliwe kuwa gari lina uzito wa kilo 2,400. Kila gurudumu hubeba kilo 600. Kwenye barabara ya lami tairi hujazwa hewa hadi kilo 2 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Ili kubeba kilo 600, tairi hilo huigusa ardhi kwa takriban sentimita za mraba 300, yaani eneo dogo kuliko ukurasa mmoja wa daftari kubwa. Hewa ikipunguzwa hadi kilo 0.2, hesabu tupu ingedai sentimita za mraba 3,000. Kwa kweli eneo haliongezeki kiasi hicho, kwa kuwa ubavu wa tairi wenyewe ni mgumu na hubeba sehemu ya uzito. Hata hivyo, tairi kubwa na laini laweza kugusa theluji kwa sentimita za mraba 1,700, na kanieneo ikashuka hadi kilo 0.35.

Mtu wa kilo 70 anaposimama kwa mguu mmoja, na unyayo wa kiatu chake una sentimita za mraba 200, kanieneo yake ni hiyo hiyo 0.35. Basi gari la tani mbili na nusu laweza kuikanyaga theluji kwa wepesi wa binadamu anayetembea. Tena, tairi lililopunguzwa hewa hurefuka zaidi kuliko linavyopanuka. Alama yake ardhini ni ndefu, nayo hupanda juu ya theluji badala ya kuisukuma mbele kama jembe.

Kazi ya kufungua njia

Kila mita ambayo gari linasogea, magurudumu ya mbele hushindilia theluji mpya, na kazi hiyo hulipwa na injini. Ichukuliwe kuwa gurudumu lenye upana wa sentimita 30 linachimba mfuo wa kina cha sentimita 30, na kwamba wastani wa kanieneo wakati wa kushindilia ni kilo 0.2 kwa sentimita ya mraba. Kani inayozuia gurudumu moja ni kilo 0.2 mara 30 mara 30, yaani uzito wa kilo 180. Magurudumu mawili ya mbele huleta kilo 360. Hiyo ni asilimia 15 ya uzito wa gari zima. Kwa maneno mengine, gari linalokwenda katika uwanda tambarare wa theluji hiyo hufanya kazi kama linapanda mlima unaoinuka mita 15 kwa kila mita 100, na mlima huo hauna kilele.

Magurudumu ya nyuma hupita katika mfuo uliokwisha kushindiliwa, kwa hiyo hupata upinzani mdogo. Hali hubadilika mfuo unapokuwa na kina kuliko nafasi iliyo chini ya ekseli. Hapo ekseli na tumbo la gari huanza kusukuma theluji, kisha gari hukalia tumbo lake. Uzito ukiisha kuhamia tumboni, magurudumu hubaki yakining'inia, na hakuna nguvu ya injini itakayosaidia.

Vyuma vinavyoteseka

Katika hatua hiyo dereva asiye na subira hukanyaga mafuta. Matokeo yake yafaa kuchunguzwa kwa hesabu. Kama gia ya kwanza huzidisha msokoto wa injini mara 4, gia ya chini ya porini mara 2.5, na difu mara 4, jumla yake ni mara 40. Injini yenye msokoto wa nyutoni-mita 200 hufikisha kwenye ekseli nyutoni-mita 8,000. Theluji yenye mshiko hafifu, kwa gurudumu lililobeba kilo 600, yaweza kupokea nyutoni-mita 500 au 600 tu kabla gurudumu halijateleza.

Kwa hiyo theluji yenyewe huilinda ekseli: gurudumu huteleza kabla chuma hakijaelemewa. Hatari huja gurudumu linalozunguka kwa kasi linapokuta ghafla jiwe au barafu kavu. Nishati yote ya mzunguko hutakiwa kusimama kwa kufumba na kufumbua, na pigo hilo huiendea ekseli, viungo vyake, au meno ya difu. Madereva wengi husema kwamba ekseli ilikatika theluji ilipoisha. Wamesema kweli, na sababu ndiyo hiyo.

Difu ya kawaida nayo ina udhaifu wake. Hugawa msokoto sawasawa kwa magurudumu mawili ya ekseli moja. Moja likikosa mshiko, la pili hupata kiasi kile kile kidogo, na gari husimama huku gurudumu moja likizunguka kwa kasi maradufu. Meno madogo ya ndani ya difu hayakutengenezwa kwa mwendo wa namna hiyo wa muda mrefu, nayo hulika upesi. Wakati huo huo gurudumu linalozunguka huyeyusha theluji kidogo, ambayo huganda tena na kuwa barafu laini kama kioo. Difu yenye kufuli hupunguza tatizo hili, lakini huongeza mzigo wa ekseli moja pale gurudumu moja tu linaposhika.

Joto katikati ya baridi

Mkasa wa vyombo vya Scott una funzo ambalo halijapitwa na wakati. Injini inayofanya kazi ya kupanda mlima kwa mwendo wa kutembea kwa miguu haipati upepo wa kutosha. Theluji huziba rejeta, na yaweza kujaa hata kuizunguka feni. Klachi inayoteleza kila gari linaposukumwa mbele na nyuma huungua, na oili ya gia za otomatiki huchemka ingawa nje ni baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Athari nyingine huingia kimya kimya. Hewa iliyo ndani ya difu hupata moto. Difu ikizama ghafla katika theluji iliyolowa au kijito, hewa hiyo hupoa na kusinyaa. Ikishuka kutoka nyuzi 80 hadi nyuzi 10, hupungua kwa asilimia 20 hivi. Kama tundu la kupumulia limezibwa na barafu, difu hunyonya maji kupitia mipira inayozuia oili. Oili hugeuka rangi ya maziwa, na beringi huanza kuharibika wiki nyingi kabla ya kelele kusikika. Kinga yake ni bomba dogo la kupumulia lililopandishwa hadi juu.

Hatari isiyoonekana

Vyuma huweza kubadilishwa. Gari lililozama na injini yake ikaachwa iendelee ili kuwapasha abiria joto laweza kuwaua. Theluji ikiziba bomba la moshi, gesi ya kaboni monoksidi huingia ndani ya gari. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Abiria husikia kichwa kinauma, kisha usingizi. Basi kazi ya kwanza ya aliyekwama ni kuchukua sepetu na kulifukua bomba la moshi, na kuzima injini mpaka limefukuliwa.

Hitimisho

Dereva mzoefu wa Aisilandi husimama kabla ya theluji nene, hutoa hewa, hushika gia ya chini, na huenda polepole bila kuyaacha magurudumu yazunguke bure. Akizuiwa, hurudi nyuma katika mfuo wake mwenyewe na kuujaribu tena. Akirudi kwenye ardhi ngumu, hujaza hewa kabla ya kuongeza mwendo, kwa kuwa tairi laini likikimbizwa hupata moto na kupasuka.

Kanuni hiyo haikuwekewa theluji peke yake. Msafiri wa jangwani Omani hupunguza hewa kabla ya kuingia mchangani kwa sababu ile ile, na lori lililojaa kupita kiasi huzama katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika kwa sheria ile ile. Ardhi laini haiulizi injini ina nguvu kiasi gani. Huuliza uzito umeenezwa juu ya eneo gani.