Kumpigia rafiki baada ya miaka mingi

*Daktari, nina miaka 68, mstaafu wa bandari. Marafiki zangu wengi wametangulia mbele ya haki. Waliobaki naona haya kuwapigia, maana tumepoteana miaka mingi. Wanangu wanasema wao wananitosha. Je, ni kweli? – Mstaafu, Tanga*

Shikamoo mzee wangu. Wanao wanakupenda, lakini hawakukujua ulipokuwa kijana. Rafiki wa zamani anakujua hivyo, na nafasi yake mtoto haijazi. Hamkugombana, kazi ndiyo iliyokuwa ikiwakutanisha, nayo ilipokwisha kila mmoja akabaki kwake. Huenda naye anaona haya kama wewe.

Si suala la moyo tu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ulioanza mwaka 1938, umeonyesha kuwa wenye mahusiano mazuri huzeeka wakiwa na afya bora zaidi. Upweke wa muda mrefu huongeza hatari ya maradhi ya moyo na ya kupoteza kumbukumbu.

Anza na mmoja. Msalimie, muulize hali, usijieleze sana kuhusu ukimya. Kisha pangeni siku maalumu ya kahawa barazani, kwa sababu ahadi ya “tutaonana” haina siku. Kama unakwepa mazungumzo kwa kuwa husikii vizuri, kapime masikio. Wazee wengi hujitenga kwa sababu hiyo bila kusema.

Ukikosa usingizi, hamu ya kula au hamu ya kuishi, nenda hospitali usisubiri.

Tafadhali, mpigie mmoja leo.